Mpopla wa Mto Tana: mti mkubwa wa kingo za mito ya Kenya na yanayomhusu msafirishaji

Madereva na wafanyabiashara wanaofika Garissa, Hola au Garsen nchini Kenya wanaufahamu Mto Tana. Nchi ni kavu pande zote, lakini pembeni ya mto kuna ukanda wa kijani wenye miti mirefu. Mmojawapo wa miti hiyo ni mpopla wa Mto Tana, ambao wataalamu wa mimea wanauita Populus ilicifolia. Wengi hupita karibu nao bila kuujua jina, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Mbao zake zinaweza kupakiwa kama mbao laini za kawaida, kumbe ni za mti uliomo katika orodha ya kimataifa ya miti inayokabiliwa na hatari ya kutoweka.

Makala haya yanaeleza mti huu ukoje, unaishi wapi, kwa nini unapungua, na mambo ya kuangalia kabla ya kukubali mzigo wa mbao kutoka maeneo hayo.

Ni mti wa ukoo gani?

Mipopla ni jamii kubwa ya miti inayopatikana zaidi Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Mbegu zake hufunikwa na nyuzi laini nyeupe kama pamba, na upepo huzibeba mbali. Kwa sababu hiyo baadhi ya mipopla ya Marekani huitwa huko miti ya pamba, ingawa haina undugu na pamba inayolimwa Shinyanga au Mwanza.

Mpopla wa Mto Tana ndio mpopla wa asili wa kwetu Afrika Mashariki, na hakuna mpopla mwingine wa asili duniani unaoota kusini zaidi kuliko huu. Ndugu yake wa karibu ni mpopla wa Mto Frati, ambao huota kandokando ya mito ya nchi kavu kutoka Afrika ya Kaskazini, kupitia Mashariki ya Kati, hadi China. Wote wawili wana tabia moja: huvumilia jua kali na mvua chache, mradi mizizi ifikie maji ya mto.

Msomaji asiuchanganye na msufi. Msufi nao ni mti mkubwa wenye mbao nyepesi, lakini huzaa matunda makubwa yenye sufi ya kujazia mito na magodoro. Jani lake limegawanyika kama vidole vya mkono, na shina lake mara nyingi huwa na miiba. Mpopla hauna sifa hizo.

Jinsi ya kuutambua

Mti uliokomaa hufikia urefu wa mita 30 hivi. Gome lake lina rangi ya kufifia, na ukiwa mbali unaweza kuuona umeng'aa katikati ya miti mingine yenye magome meusi. Majani yake yana kijani chenye weupe kidogo, kama yamepakwa nta.

Majani hayo yana jambo linalowachanganya watu wengi. Mche na machipukizi huwa na majani marefu na membamba. Mti ukikua, majani huwa mapana na yenye meno makubwa pembeni. Mtu akionyeshwa tawi changa na tawi la mti mkubwa anaweza kudhani ni miti miwili tofauti.

Jambo jingine ni kwamba kuna miti dume na miti jike. Mti mmoja hubeba maua ya kiume tu au ya kike tu. Kwa hiyo wakikata mti jike uliobaki peke yake katika eneo fulani, mbegu za eneo hilo zimekwisha, hata kama miti dume bado imesimama.

Unaishi wapi?

Makao yake makuu ni kandokando ya mito mitatu ya Kenya: Tana, Athi na Ewaso Ng'iro. Hupatikana kuanzia nyanda za chini karibu na pwani hadi kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Hauoti mbali na mto. Ukiacha ukingo na kuingia nyikani, huuoni tena.

Mti huu una utaratibu maalumu wa kuzaliana. Mto unapofurika huacha matope na mchanga mpya kwenye kingo na kwenye kona zake. Mbegu za mpopla ni ndogo sana na hufa upesi, kwa hiyo zinahitaji kuanguka kwenye udongo huo mbichi, wenye unyevu na usio na kivuli. Zikipata hali hiyo huota kwa wingi, na ndiyo maana mipopla ya sehemu moja mara nyingi huwa na umri mmoja. Mti huu ndio hutangulia. Baada ya miaka mingi hufuata mikuyu na miti mingine, na msitu wa kudumu hujengeka juu ya ardhi iliyoshikwa kwanza na mpopla.

Kwa maneno mengine, mti huu unategemea mafuriko ya kawaida ya kila mwaka, ambayo kwa Mto Tana hutokea hasa wakati wa masika na wakati wa mvua za vuli.

Kwa nini unapungua?

Sababu ya kwanza ni mabadiliko ya mto wenyewe. Kuanzia mwaka 1968, lilipokamilika bwawa la Kindaruma, Kenya ilijenga mfululizo wa mabwawa ya umeme sehemu ya juu ya Tana: Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Masinga lilikamilika mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa haya yana faida kubwa kwa umeme wa nchi hiyo, lakini hupunguza ukubwa wa mafuriko ya kawaida na kuzuia sehemu ya matope yaliyokuwa yakishuka chini. Matope yakipungua, vitalu vya mpopla navyo hupungua.

Sababu ya pili ni shoka. Tangu zamani Wapokomo, ambao ni wakulima na wavuvi wa kingo za Tana, wamechonga mitumbwi kutokana na miti mikubwa ya ukanda huo, mpopla ukiwemo. Mti huo hutumika pia kwa ujenzi. Matumizi ya nyumbani peke yake yana mpaka. Mahitaji ya kuni, mkaa na mbao za kuuza mijini hayana mpaka.

Sababu ya tatu ni mashamba na mifugo. Ukingo wa mto ndio wenye ardhi yenye rutuba, na ndiko wakulima hufyeka. Katika kiangazi mifugo mingi hushuka mtoni kunywa maji, na miche michanga huliwa au kukanyagwa.

Msafirishaji anahusikaje?

Kwanza ni barabara. Mwezi Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Tana yalikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, na watu wakalazimika kuvuka kwa boti. Boti moja ilizama Madogo mwishoni mwa Aprili 2024 na kuua watu. Hakuna anayeweza kusema miti ingezuia maji mengi kiasi kile. Lakini mizizi ya msitu wa ukingo hushika udongo, na ukingo usio na miti humeguka haraka zaidi. Anayelala njiani siku tatu na shehena ya vitunguu vinavyooza anajua gharama ya barabara iliyokatika.

Pili ni mzigo wa kurudi. Lori likishusha mzigo na kukosa wa kurudi nao, dereva huwa mwepesi wa kukubali chochote. Mbao, nguzo na mkaa ni miongoni mwa mizigo anayoweza kupewa kwa haraka na kwa bei ya kuvutia. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2016 inasimamia ukataji na usafirishaji wa mazao ya misitu, na mazao hayo husafirishwa kwa kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005, ulipunguza ushuru kati ya nchi wanachama, lakini haukufuta vibali vya misitu wala ukaguzi wa afya ya mimea mpakani.

Kabla ya kupakia mbao, angalia haya:

1. Kibali cha kusafirisha kitaje aina ya mti, kiasi, gari, mahali mzigo unapotoka na unakokwenda. Karatasi iliyoandikwa "mbao" tu haitoshi.
2. Muuzaji aeleze mbao zimekatwa wapi. Mbao za shamba la kupandwa zina mwenye shamba. Zisizo na mwenyewe huenda zimetoka msitu wa ukingo wa mto.
3. Mzigo unaovuka mpaka uwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Kwa Kenya hutolewa na KEPHIS.
4. Makreti na paleti za mbao zinazotumika kwa bidhaa za nje ya nchi ziwe na muhuri wa kimataifa wa ISPM 15. Mbao zilizotibiwa kwa joto hufikishwa nyuzi 56 za Selisiasi hadi kiini, kwa dakika 30 mfululizo. Duniani mipopla hutumika sana kwa kazi hii kwa sababu mbao zake ni nyepesi, lakini hiyo ni mipopla ya mashamba.

Mzigo ukikamatwa, gari hukamatwa pamoja nao, na kesi humkuta dereva barabarani wakati mwenye mbao hayupo. Faida ya safari moja ya kurudi haifikii hasara ya lori lililokaa kituoni mwezi mzima.

Mpopla wa Mto Tana ni mti ambao ukikatwa haurudi kwa kupanda popote mtu anapotaka, kwa kuwa unahitaji mto unaofurika, matope mapya na mti jike ulio karibu. Mfanyabiashara anayeutambua ana sababu mbili za kuuacha: sheria, na ile barabara ya kando ya mto atakayoihitaji tena msimu ujao.