Esansi ikipita, umeme unazaliwa

Ndugu mfanyakazi, sigara umezima, kiberiti huna, na bado bido ya esansi inashika moto. Sababu ni nini?

Mahali esansi inapogusa ukuta wa mpira, umeme hugawanyika: aina moja hubaki ukutani, nyingine huchukuliwa na esansi inayopita. Esansi ikienda mbio, umeme unazidi. Katika bido ya plastiki iliyo juu ya kamio, umeme hauna njia ya kushuka ardhini. Unajikusanya, na cheche moja inawasha mvuke.

Basi:
— Weka bido chini, juu ya udongo. Ya chuma ni bora.
— Mdomo wa bomba uguse bido tangu mwanzo hadi mwisho.
— Jaza polepole.
— Watoto wakae mbali.

Kukawia dakika mbili si kitu. Kuungua ni maisha yote.