Mchezo Usiokuachilia Si Mchezo

"Nikifa naja, mjomba."

Hilo ndilo jibu nililopewa na mpwa wangu wa miaka 13, jioni moja baada ya sala ya Alasiri, nilipomwita nimtume dukani akaniletee sukari ya chai. Msomaji mpenzi, mtu wa rika langu akisikia maneno hayo hushtuka na kumtaja Mola wake. Nilipomkaribia nikaona ameinamia simu ya mamake, na kumbe anayengojewa kufa ni nyoka wa rangi ya kijani, arandaye ndani ya kioo akila punje za nuru. Haukupita muda nyoka akagonga mwili wa mwenzake, akapasuka. Kijana akainuka bila ya kununa, akapokea pesa, akashika njia ya dukani. Simu akaniachia mkononi.

Nakiri mbele yenu leo ya kwamba sukari ilipofika, mimi nami nilikuwa nimekwisha kufa mara sita.

Dada yangu alinikuta katika hali hiyo. Hakucheka. Alisema, "Kaka, hata wewe? Nami nilitaka nikuombe umkataze." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwanawe mkubwa, kijana mwenye akili zake, alipewa karo ya mdogo wake aipeleke shule, na karo hiyo ikaliwa yote na mchezo wa simu kwa usiku mmoja. Tangu siku hiyo, kwa mama huyu, kila kinachorukaruka ndani ya kioo ni adui. Nikamwomba anipe juma moja nichungue kabla ya kutoa neno. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mchezo wa yule nyoka waitwa Slither.io. Ulitolewa mwaka 2016 na Steve Howse, baada ya mwingine wa namna yake uitwao Agar.io, ambao Matheus Valadares wa Brazil aliutoa mwaka 2015 akiwa na miaka 19. Yote miwili huchezwa ndani ya kivinjari, yaani ile programu tufunguliayo kurasa za intaneti. Hupakui kitu wala hujiandikishi. Waandika jina lolote, waingia uwanjani, na walioko humo ni watu wa nchi za mbali usiowajua.

Nyoka wa simu si mgeni kwetu. Nokia walimtia katika simu yao ya 6110 mwaka 1997, kazi ya Taneli Armanto wa Finland, na wengi wetu tulimcheza tukingojea matatu. Lakini nyoka yule alikufa kwa kujigonga mwenyewe. Huyu wa sasa hadhuriki na mwili wake, bali hufa kichwa chake kikigusa mwili wa mwingine. Hapo ndipo penye utamu. Mdogo aliyeingia sasa hivi aweza kulikatia njia jitu lililojaa nusu ya kioo, jitu likapasuka, na mdogo akala mali yake yote. Ukitaka kwenda mbio waruhusiwa, lakini mbio zenyewe zakupunguza mwili. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka wangeutambua mchezo huu.

Kwa hiyo jambo la kwanza linaloufanya mchezo wa mbio na mapambano upendeze ni haki. Barazani kwetu wazee hucheza bao, na kete zote zi wazi mbele ya macho. Ukifungwa wajua ni mkono wako uliokosea. Katika vifo vyangu sita, vitano niliweza kuvitolea sababu: pupa mara tatu, na kutotazama kando mara mbili. Mtu ajuaye kosa lake hutamani kurudi alirekebishe.

La pili ni mwendo. Mjapani Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders mwaka 1978, mashine yake ilikuwa dhaifu. Maadui wakiwa wengi kiooni ilijikokota, na kila walipopungua ikapata wepesi, wakaja mbio zaidi. Aliiona kasoro hiyo ina ladha, akaiacha. Tangu hapo michezo mingi imefuata njia ile ile ya ngoma: huanza polepole ili mguu uzoee, kisha hupanda. Tazama yule mnyama wa kale arukaye miti ya miiba katika kivinjari cha Chrome mtandao unapokatika. Mwanzo mtoto mdogo amweza, lakini kadiri aendavyo mbio huzidi, kisha huja ndege wa kumpiga kichwani. Aliwekwa humo mwaka 2014, na mwaka 2018 Google wenyewe walisema huchezwa mara milioni 270 kila mwezi, zaidi katika nchi ambazo mtandao ni wa shida au wa ghali. Nasi ni katika hao.

La tatu ni kurejea. Chuoni, ukikosea aya mwalimu alikurejesha mwanzo wa sura, nawe ukasoma tena hapo hapo, hasira haijapata nafasi ya kukaa. Mchezo mwema hufanya hivyo. Ukifa, wagusa kioo mara moja na uko ndani tena. Ule unaokutazamisha matangazo matatu kabla ya kukufufua, uache.

Basi mzazi atauchaguaje? Nina vipimo vitatu. Kwanza, ucheze wewe mwenyewe robo saa. Ukifa, jiulize kama wajua sababu. Pili, tazama mkono wake: je, waomba pesa? Na pesa hizo zanunua rangi ya nyoka, au zanunua ushindi, au zanunua kasha lililofungwa usilojua lina nini? Mwaka 2018 wakuu wa Ubelgiji wanaosimamia kamari walisema baadhi ya makasha hayo ni kamari, wakataka yaondolewe. Tatu, ngojea adhana. Mchezo wa nyoka hausimamishiki, kwa kuwa wenzako waendelea, lakini ukimwacha afe hupotezi chochote. Waweza kwenda zako ukatawadhe, na ukirudi kesho waanza sawa na kila mtu. Ule unaomtisha mtoto kwamba akikosa siku moja atapoteza alichokusanya, huo haumchezeshi bali wamfuga.

Tena tahadhari ndogo. Michezo mingi ya zamani ya kivinjari ilitegemea programu ya Flash, ambayo Adobe waliikomesha tarehe 31 Disemba 2020. Ukurasa wowote unaokuambia leo upakue Flash ili ucheze, ufunge. Huo ni mtego.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa karo. Aliuonyesha mchezo wake kwa aibu. Kwa sura, ni ndugu wa nyoka: kioo cheusi, ndege yapaa, namba zapanda, kitufe kimoja, mzunguko mfupi. Mtu huweka pesa, na yampasa azitoe kabla ndege haijatoweka. Nikaupima. Je, aliposhindwa alijua kosa lake? Hakujua, kwa kuwa hapakuwa na kosa. Ndege hutoweka kwa hesabu za bahati, na jicho kali wala kidole chepesi havimwambii mtu lini. Je, aliweza kuondoka? Kila alichopoteza kilimvuta arudi akikomboe, mpaka ikaadhiniwa Alfajiri naye bado yuko hapo. Hiyo ni kamari iliyovaa kanzu ya mchezo, na hukumu yake imo katika Suratul Maida, aya ya 90, wala haihitaji fatwa mpya.

Nikamwambia dada yangu: ukiichukua simu na kuvikataza vyote, mdogo hatajifunza kutenganisha nyoka na ndege, na siku atakayokuwa na simu yake hutakuwapo. Alinyamaza kitambo. Kisha akaukaza ushungi wake, akasema, "Haya. Nionyeshe huyo nyoka anakwendaje." Maghribi ilipoadhiniwa tulimwacha kiooni, akafa peke yake.

Kwa vijana wangu hao wawili nimeandika ubeti huu:

Mchezo ulio mwema, haujui kukufunga,
Muadhini akisema, ni rahisi kuutenga,
Kushindwa si kulalama, ni elimu ya kulenga,
Mwanangu sikia vyema, ndege ya pesa ni janga.