Je, Wajua? Wichmann, Kabaila Aliyemwandama Baba Yake Mdogo

Je, wajua kwamba Saksonia ya karne ya 10 siyo jimbo la Ujerumani linaloitwa hivyo leo? Ilikuwa kaskazini-magharibi zaidi, na mto Elbe ndio uliokuwa mpaka wake na Waslavi. Huko ndiko kwao Wichmann Mdogo, wa ukoo wa Billung.

Je, wajua kwamba ugomvi aliurithi? Mwaka 936 Mfalme Otto wa Kwanza alimkabidhi Hermann Billung jeshi la mpakani, akamruka kaka yake, Wichmann Mkubwa, baba wa Wichmann Mdogo. Kaka mtu akajifanya mgonjwa, akaondoka zake jeshini.

Je, wajua kwamba Otto mwenyewe ndiye aliyemlea Wichmann Mdogo? Mama zao walikuwa ndugu, na baba alipofariki mwaka 944, mfalme alimchukua yatima kama mwanawe. Kijana alipokua akadai kwamba Hermann, baba yake mdogo, amemlia urithi na hazina. Mwaka 953 Liudolf, mwana wa mfalme, alipomwasi babake, Wichmann na nduguye Egbert Chongo wakawa upande wa waasi.

Je, wajua kwamba ugonjwa wa kujifanya ulirudi tena? Safari hii ni mtoto: mfalme anakwenda vitani Bavaria, Wichmann anasema hajiwezi. Otto hakudanganyika. Akamweka chini ya ulinzi wa kabaila mmoja, Ibo. Siku chache baadaye mfungwa akaomba ruhusa aende kuwinda. Akaruhusiwa! Wenzake walikuwa wamejificha msituni wakimngoja, na hao wakatokomea.

Je, wajua kwamba alikimbilia kwa maadui wa watu wake? Waslavi wa machifu Nako na Stoignew walimpokea. Tarehe 16 Oktoba 955, Otto akawapiga kwenye mto Raxa. Stoignew alikatwa kichwa, na mateka 700 wakachinjwa siku iliyofuata. Wichmann na Egbert? Walikimbilia kwa kabaila Hugo Mkuu, Ufaransa.

Wichmann alisamehewa, kwa dhamana ya Gero, mlinzi wa mpaka wa mashariki. Akala kiapo. Kiapo hakikudumu.

Je, wajua kwamba mwaka 963, akiwaongoza Waslavi, alimshinda Mieszko, mtawala wa Poland, mara mbili na kumuua ndugu yake? Mieszko hakusahau. Mwaka 967 Wichmann alipomjia tena na Waslavi wa Wolin, Mieszko alikuwa na vikosi viwili vya farasi kutoka kwa mkwewe, Boleslav wa Bohemia. Askari wa miguu wakajifanya wanarudi nyuma, Wichmann akawafuata, farasi wakamzunguka kwa nyuma.

Alitaka kutoroka, wenzake wakamsuta kwamba amewaingiza vitani na sasa anategemea mbio za farasi. Akashuka, akapigana kwa miguu. Usiku kucha akatembea na silaha zake, bila chakula, hadi alfajiri akafika kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Maadui wakamkuta, wakaona silaha si za mtu wa kawaida, wakamuuliza jina. Akalitaja. Wakamsihi ajisalimishe, akakataa kuwapa watu wadogo upanga wake, akamtaka Mieszko mwenyewe. Wakati wajumbe wako njiani, umati ukamvamia. Akaua wengi kabla ya kumkabidhi kiongozi wao upanga, aupeleke kwa Mieszko na hatimaye kwa Otto, ambaye angechagua kumcheka adui aliyekufa au kumlilia ndugu. Akaelekea mashariki, akaomba, akakata roho. Ndivyo anavyosimulia Widukind, mtawa wa Corvey, na ni dhahiri alimwonea huruma mwasi huyu kuliko inavyompasa mwandishi aliyempenda mfalme.

Silaha hizo zilimfikia Otto akiwa Italia. Januari 968 akaandika barua kutoka Capua kuagiza Waslavi wa Redari wasipewe amani. Baba mdogo Hermann alifariki mwaka 973, na uzao wake ukaishika Saksonia hadi 1106.