Upele, Ukurutu na Mzio: Istilahi za Mwasho wa Mbwa na Paka

Mfugaji wa Shinyanga au Geita amwonapo mbwa wake akijikuna usiku kucha, aghalabu husema kwamba mbwa huyo ana upele. Neno hilo latosha kwa mazungumzo ya uani. Halimtoshi mtu anayetafsiri kijitabu cha mifugo, wala afisa anayeandika tangazo la wilaya, kwa kuwa ndani yake yamejificha mambo mawili yasiyo na udugu: ugonjwa wa kuambukiza uletwao na wadudu, na hali ya mwili kukikataa kitu ambacho wanyama wengine hukistahimili. Tiba zake ni mbalimbali.

Na hapa si suala la ufasaha tu. Katika nchi ya ng'ombe, dawa iliyo karibu ni ile ya josho, na mtu aliyeambiwa "upele" humtia mbwa wake dawa hiyohiyo. Baadhi ya dawa za josho zina amitrazi. Mbwa aogeshwaye kwa amitrazi iliyozidi kiasi hulegea, mapigo ya moyo hupungua, na mwili hupoa. Kwa paka hatari kubwa zaidi ni permethrini, kwani mwili wake hauwezi kuivunja upesi. Hutetemeka, hupatwa na kifafa, na mara nyingine hufa. Tena, mnyama mwenye mzio wa chakula hata akiogeshwa kila juma hatapona.

Zitazamwe basi dalili. Upele hasa huletwa na utitiri uchimbao ngozi. Huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko na vifundo vya miguu ya nyuma. Huwapata mbwa wengine wa uani, na huenda watu wa nyumba ile nao wakatokwa na vipele vinavyowasha. Dalili hii ya mwisho ndiyo ya kuulizia kwanza.

Mzio wa viroboto huonekana kiunoni, kwenye shina la mkia na mapajani. Kinacholeta mwasho ni mate ya kiroboto, na kwa mbwa mwenye mzio huo kuumwa mara chache kunatosha. Kwa hiyo kutoona viroboto si ushahidi kwamba havipo. Chana manyoya juu ya kitambaa cheupe kilicholowa maji: chembe nyeusi zikitoa rangi nyekundu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, nacho ni damu. Mzio wa vumbi, chavua na ukungu hushika uso, masikio, makwapa na nyayo, ambazo mbwa huzilamba bila kukoma. Kwa kawaida huanza kati ya miezi 6 na miaka 3 ya umri. Mzio wa chakula haujali umri wala majira, na mara nyingi huwasha masikio na sehemu za haja kubwa.

Katika tiba ya viroboto wengi hukosea kwa kumtibu mnyama mmoja tu. Mayai na viluwiluwi vimo katika vumbi la sakafu na matandiko. Hapana budi kutibiwa mbwa na paka wote wa nyumba, kufagia, na kuendelea kwa miezi kadhaa. Mzio wa chakula hupimwa kwa kumlisha mbwa nyama asiyopata kuila, kwa muda wa majuma 8 hivi: aliyekulia ugali na dagaa aweza kujaribiwa kwa nyama ya mbuzi, mradi watoto wasimtupie mabaki. Mzio wa vumbi hauponi, hutulizwa. Predinisoloni huutuliza haraka, lakini akipewa mbwa mwenye upele, mwasho hupungua kwa muda huku utitiri ukiendelea kuzaana. Ndiyo maana daktari wa mifugo hukwangua ngozi na kutazama kwa hadubini kabla ya kuiandika, ingawa utitiri huo ni hodari wa kujificha hata kwa hadubini.

Neno "mzio" lenyewe si geni. Hapo kale lilitaja kitu, hasa chakula, ambacho mtu amekatazwa au kinachomdhuru: "dagaa ni mzio wake." Waganda nao huita "omuziro" kile ambacho ukoo haukili. Clemens von Pirquet alipobuni jina la hali hii mwaka 1906 huko Vienna, alitunga kutokana na Kigiriki. Sisi tulikuwa na neno nyumbani, na sioni haja ya kung'ang'ania "aleji". Lakini siku hizi twasema "ana mzio wa dagaa": neno limehama kutoka kwenye kitu na kwenda kwenye hali ya mwili. Kitu chenyewe kimebaki bila jina. "Kizio" hakifai, kwa kuwa tayari ni kipimo na ni nusu ya nazi. Napendekeza "kichochezi cha mzio", ingawa ni kirefu.

"Ukurutu" ubaki jina la ngozi iliyokakamaa na kuchubuka, chanzo chochote kiwacho, na "mwasho" uwe dalili, usiitwe ugonjwa. Mtafsiri akiandika "upele wa utitiri", aongeze onyo kwa watu wa nyumbani. Akiandika "mzio wa viroboto", onyo hilo la kuambukizwa aliache, bali asisahau kutaja sakafu na matandiko.