Uko AS na Umeona Damu kwa Mkojo? Hii Stori ya Figo Inakuhusu

Kama umewahi kuwa Gikomba asubuhi ya bale, unajua vile huenda. Bale inashuka kwa mkokoteni, imefinywa na kukazwa mikanda mpaka inakaa jiwe. Ndani kunaweza kuwa na koti moto sana, lakini hakuna mtu atavaa hiyo koti mpaka msee akuje akate mikanda. Weka hiyo picha kwa akili, juu ndio vile seli zako zimejipanga.

Kila seli yako imebeba DNA ya karibu mita 2. Hiyo imekushinda urefu, ata kama unachezea timu ya basketi ya chuo. Na yote inaingia kwa kiini kidogo kiasi kwamba macho haiwezi kukiona. Inatoshea aje? Inazungushwa kwa protini zinaitwa histoni, kama uzi kwa rili ya fundi wa nguo. Histoni 8 zinakaa pamoja, DNA inazizunguka karibu raundi mbili, alafu inaenda kwa zingine 8, hivyo hivyo mpaka mwisho. Huo mzigo wote, DNA pamoja na histoni zake, unaitwa kromatini.

Sasa cheki. Uko na jeni karibu 20,000, na zile zile ziko kwa jicho, kwa ini, mpaka kwa ngozi ya kisigino. Mbona jicho haitengenezi nyongo? Juu kwa jicho, hiyo bale ya nyongo imefungwa kabisa. Jeni iko hapo, lakini haisomeki.

Wenye kazi ya kufungua ni mbogi ya protini inaitwa SWI/SNF. Inachoma nguvu ya seli ndio isukume histoni kando, ama izitoe kabisa, jeni ibaki wazi isomwe. Iligunduliwa miaka ya 80 kwa hamira, hii tu ya kuumua mkate. Hamira yenye hizo protini zimeharibika ilishindwa kutumia sukari, juu jeni ya hiyo kazi ilikuwa imefungiwa ndani. Upande ule mwingine kuna protini inaitwa EZH2. Hiyo ni ya kufunga. Inabandika alama kwa histoni kuambia seli hapa hakufunguliwi. Mmoja anafungua, mwingine anafunga, na seli inakaa fiti bora hao wawili wasiachane.

Wengi wetu tunajua saratani kama kitu ya jeni kuharibika moja baada ya ingine, miaka na miaka: sigara, jua, uzee. Lakini 1998, wanasayansi wa Ufaransa walionyesha kuna uvimbe mkali wa watoto wadogo, unaitwa rabdoidi, ambao umepoteza jeni moja inaitwa SMARCB1. Hiyo jeni ndio hutengeneza memba mmoja wa SWI/SNF. Baadaye DNA ya hizo uvimbe ikasomwa karibu yote, na manze, hakukuwa na kitu ingine kubwa imeharibika. Ni mfunguaji tu ameenda. EZH2 ikabaki peke yake ikifunga na kufunga, mpaka jeni za breki na zile za kukomaza seli zikafungiwa. Seli haikomai tena, inagawanyika tu. Leo inajulikana karibu saratani 20 kwa kila 100 ziko na jeni ya hiyo mbogi imeguswa. Kuna aina moja ya saratani ya ovari ambapo karibu nusu ya wagonjwa wako na shida kwa memba mwingine, ARID1A.

Haya, figo. Wasee wengi kutoka Kisumu, Siaya, Busia mpaka Kilifi wako AS, yaani wamebeba jeni moja ya sikoseli. Ilienea huko juu inasaidia mtoto asiuliwe na malaria. Ukiwa AS si mgonjwa, unacheza mpira, unaishi poa. Lakini kuna saratani ya figo inaitwa RMC, ilielezwa kwa mara ya kwanza 1995 Marekani, na karibu kila mwenye aliipata alikuwa amebeba jeni ya sikoseli. Hushika vijana, wengi chini ya miaka 40. Na ukiangalia hizo seli, SMARCB1 haiko.

Watafiti wanadhani inaanzia ndani kabisa ya figo. Huko oksijeni ni kidogo na chumvi ni mingi, kwa hivyo ata damu ya mtu AS inaweza kujikunja huko. Seli za hapo zinateseka, DNA inakatika, na mahali SMARCB1 inakaa panapotea.

Usipanic. RMC ni nadra sana, na watu AS karibu wote hawatawahi kuiona. Damu kwa mkojo mara mingi ni kitu ingine: maambukizi, mawe, ama figo ya mtu AS ikivuja kidogo tu. Shida ni vile tunaichukulia. Pwani mtu akikojoa damu anaambiwa ni kichocho, anapewa dawa, anarudi keja. Mara mingi ni kichocho kweli. Lakini kama imerudi, ama ubavu unauma, ama unakonda bila sababu, ambia daktari uko AS na uitishe picha ya figo. Usingoje akuulize. RMC ikishasambaa ni kubaya: ata na kemo, wengi hawafikishi miaka 2.

Dawa ya kushika EZH2 ilitengenezwa. Inaitwa tazemetostat, na Marekani iliipitisha Januari 2020 kwa saratani ingine yenye imepoteza SMARCB1, inaitwa sakoma ya epithelioidi. Idea yake ni simple: kama mfunguaji ameenda, basi punguza nguvu ya mfungaji. Kwa wagonjwa 62 wenye walijaribiwa, uvimbe ulipungua vizuri kwa karibu 15 kwa kila 100. Si wengi.

Na kipimo chenyewe ni cha ajabu kidogo. Maabara inachukua kipande cha uvimbe na kukipaka rangi yenye hushika protini ya SMARCB1. Viini vya seli za kawaida vinageuka kahawia. Vya RMC vinabaki bila hiyo rangi, na hapo ndio daktari anajua.