Kivu Kusini: Pumba na maganda ya muhogo vinavyoweza kuokoa maziwa ya kiangazi

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, majani hukauka katika jimbo la Kivu Kusini na maziwa hupungua. Kwenye milima ya Kabare na Walungu, ambako mashamba yamebanana na malisho ni haba, ng'ombe hufungwa nyumbani wakingojea majani yanayotafutwa mbali. Katika uwanda wa Ruzizi, wafugaji huhamisha mifugo kutafuta majani na maji. Ng'ombe wakiingia katika shamba la mtu, ugomvi kati ya mfugaji na mkulima huanzia hapo.

Hata hivyo, mwezi wa Aprili na Mei majani huwa tele hadi mengine kuzeeka bila kuliwa. Njia moja ya kuyatunza ni silaji: majani mabichi yanakatwakatwa, yanashindiliwa na kufungwa pasipo hewa. Humo, vijidudu vyema hugeuza sukari ya majani kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia kuoza.

Wengi waliojaribu kwa matete peke yake walifungua shimo wakakuta uozo unaonuka. Sababu ni kwamba matete machanga yana maji mengi na sukari kidogo. Vijidudu vyema vikikosa sukari, vile vya kuozesha hushinda.

Hapa ndipo mabaki ya shamba na ya jikoni yanapofaa. Kwa kilo 100 za matete, mfugaji anaweza kuchanganya kilo 3 hadi 4 za molasi, ile sharubati nyeusi inayobaki katika kutengeneza sukari. Asipoipata, kilo 5 hadi 10 za pumba za mahindi husaidia: hunyonya maji na kuongeza chakula. Maji ya miwa au ndizi zilizoiva sana, zisizo na ukungu, nazo huongeza sukari.

Maganda ya muhogo, ambayo mara nyingi hutupwa, yanaweza pia kuingia. Lakini maganda mabichi, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu inayoweza kuua mnyama. Yakatwe, yanyaushwe juani, kisha yakae ndani ya silaji si chini ya majuma matatu ili sumu ipungue.

Machicha ya bia yana protini nyingi, lakini zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na huharibika kwa siku chache. Yachanganywe na pumba kavu kabla ya kufungiwa.

Kupima maji hakuhitaji mashine. Matete yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi, yaachwe juani nusu siku, kisha yakatwekatwe vipande vya sentimita 2 hadi 3. Mfugaji akamate konzi moja na kuikamua kwa nguvu. Maji yakidondoka, yanyaushwe tena au yaongezwe pumba. Konzi ikishikamana bila kudondosha maji, yako tayari. Ikisambaratika, yamekauka mno.

Mwenye ng'ombe mmoja au wawili hahitaji shimo kubwa. Pipa lenye kifuniko au mfuko mzito wa plastiki unatosha, mradi majani yashindiliwe tabaka kwa tabaka na pasiwe na tundu. Panya akitoboa mfuko, hewa inaingia na ukungu unafuata.

Baada ya siku 30, silaji nzuri huwa na rangi ya kijani inayoelekea manjano na harufu ya uchachu mtamu. Yenye ukungu itupwe, kwa maana sumu yake inaweza kupitia kwa ng'ombe hadi kwenye maziwa yanayonywewa na watoto. Ng'ombe azoeshwe polepole kwa muda wa juma moja, na mfuko uliofunguliwa umalizwe haraka.

Hesabu ni hii: ng'ombe mmoja akipewa kilo 10 kwa siku, pamoja na majani mengine kidogo, atahitaji kilo 900 kwa miezi mitatu ya kiangazi. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, lakini majirani wanaosaidiana kukata na kushindilia mwezi wa Mei wanaweza kuumaliza kwa siku chache. Mwenye chakula cha ng'ombe nyumbani mwezi wa Agosti hana haja ya kuwapeleka karibu na shamba la mwenzake.