Nyota wazimika, Voi yabaki na hadithi zao

Robert Redford alipoaga dunia nyumbani kwake Utah, Marekani, mnamo Septemba 16, 2025, akiwa na umri wa miaka 89, wapenzi wa sinema kote ulimwenguni walitoa tena kanda zao za zamani. Kwetu Kenya, filamu iliyotajwa zaidi ilikuwa Out of Africa ya mwaka wa 1985, ambamo Redford aliigiza kama Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji aliyependwa na Karen Blixen.

Jambo ambalo wengi hawalijui, ama wamelisahau, ni kwamba Finch Hatton halisi alifia Voi. Alikuwa amenunua ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, na akabuni mbinu ya kuwasaka ndovu kutoka angani ili wageni wake matajiri wasihangaike vichakani. Asubuhi ya Mei 14, 1931, aliruka kutoka uwanja wa Voi, na kabla hajafika mbali ndege ikaanguka na kuteketea. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alizikwa katika milima ya Ngong, na kaburi lake hadi leo huzuriwa na watalii.

Lakini ndani ya ndege hiyo hawakuwa mmoja. Alikuwamo pia Kamau, mtumishi wake, ambaye vitabu humtaja kwa kupitia tu, kana kwamba alikuwa sehemu ya mizigo. Huyo hana filamu.

Mashabiki wenye macho makali watakuambia kwamba Redford hakufanana hata kidogo na marehemu aliyemwigiza. Finch Hatton alikuwa na upara na alipenda kuvaa kofia. Redford alikuja na nywele zake za dhahabu na lafudhi yake ya Kimarekani, na mwelekezi Sydney Pollack akamwacha hivyo hivyo. Filamu ilinyakua tuzo saba za Oscar licha ya hayo. Pollack mwenyewe alifariki mwaka wa 2008, na John Barry, aliyeitungia ule muziki unaomfanya mtu kuutamani mkoa ambao hajawahi kuuona, akamfuata mwaka wa 2011.

Na kuna mwenzetu mmoja humo. Kijana aliyeigiza kama Kanuthia aliandikwa kwa jina la Job Seda. Baadaye alijulikana kama Ayub Ogada, gwiji wa nyatiti, mzaliwa wa Mombasa, aliyetoa albamu ya En Mana Kuoyo mwaka wa 1993. Wimbo wake Kothbiro ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005. Ogada alituaga mwanzoni mwa Februari 2019. Waliolia wakitazama filamu hiyo bila kujua sauti ile ni ya nani ni wengi.

Simba wa Tsavo

Ukitoka Voi kwa barabara ya Nairobi, unaipita Manyani kisha unafika kwenye mto Tsavo. Hapo ndipo mwaka wa 1898 simba wawili waliwatafuna wafanyakazi wa reli kwa miezi kadhaa, ujenzi wa daraja ukasimama, na wafanyakazi wakakimbia. Kanali John Henry Patterson aliwaua mmoja baada ya mwingine mwezi wa Desemba mwaka huo.

Kisa hiki kilitengenezewa filamu ya The Ghost and the Darkness mwaka wa 1996. Patterson aliigizwa na Val Kilmer, ambaye alifariki Aprili 1, 2025, akiwa na umri wa miaka 65, baada ya saratani ya koo kumpokonya sauti yake miaka mingi kabla. Ukiitazama filamu hiyo leo, ni kama unapitia orodha ya matanga. Tom Wilkinson, yule bosi katili wa reli, alifariki Desemba 2023. Brian McCardie alimfuata Aprili 2024, na wiki moja tu baadaye, Bernard Hill aliyekuwa daktari. Hao wanne waliondoka ndani ya miezi 16. Om Puri wa India, aliyeongoza vibarua wa Kihindi, alikuwa ametangulia mwaka wa 2017. Henry Cele, ambaye wengi humjua kama Shaka Zulu, alifariki mwaka wa 2007. Hata mwandishi wake, William Goldman, hayuko tangu 2018.

Mwandishi huyu anaipenda filamu hiyo, lakini ana kinyongo nayo. Haikupigwa Tsavo, ilipigwa Afrika Kusini. Simba wake wana manyoya marefu shingoni, ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo. Mwindaji aliyeigizwa na Michael Douglas ni wa kubuni. Na simba wenyewe hawako kwetu: Patterson aliitumia mikia, ngozi na vichwa vyao kama zulia kwa miaka 25, kisha mwaka wa 1924 akaviuza kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago kwa dola 5,000. Mtoto wa Voi anayetaka kuwaona sharti apande ndege.

Kuhusu idadi ya waliouawa, Patterson aliandika kwamba Wahindi walikuwa 28, na kwamba Waafrika hawakuwekewa hesabu rasmi. Baadaye alidai jumla ni 135. Wanasayansi waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka wa 2009 kwamba walikula watu kama 35. Majina ya Waafrika hao hayapatikani katika hesabu yoyote kati ya hizo.

Fadhili wa Malaika

Taita Taveta haikuwatoa wahanga pekee. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa huko mwaka wa 1938, ndiye aliyeirekodi Malaika na kundi la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba aliupeleka wimbo huo ulimwenguni, na Boney M wakauimba mwaka wa 1981. Ubishi kuhusu nani hasa aliutunga haujaisha, na kuna wazee watakaokesha wakiubishania. Fadhili aliishi Marekani miaka mingi, akarudi nyumbani, na akafariki Nairobi Februari 2001.

Mdawida, kwa lugha ya kwao, ni Mtaita. Wengi wanaoimba Malaika harusini hudhani ni wimbo wa Makeba.